PADI, SSI, NAUI, CMAS, BSAC: nani kasema shirika si hoja?

Nyangumi Mzee · #1

Wakuu, salaam.

Kila baada ya siku chache anaingia mgeni humu na swali lilelile: nataka kujifunza kupiga mbizi na mtungi, nichukue kadi (yaani cheti cha mbizi) ya shirika gani kati ya haya yanayofundisha? Nasi tunamjibu kwa kiitikio kilekile: shirika si hoja, tafuta mwalimu mzuri. Mgeni anashukuru, anaondoka, na kichwani hana jipya. Mtu ambaye hajawahi hata kuvaa miwani ya kuzamia atamjuaje mwalimu mzuri? Kwa sura?

Mimi nimefundisha chini ya mashirika mawili kabla magoti hayajagoma. Nasema kile kiitikio ni nusu ya kweli. Mwalimu ana uzito wake, sikatai. Lakini shirika ndilo linalompa mwalimu huyo kamba, na ndilo linalopima urefu wake. Hasa kamba ya kusema: "Bado. Kadi sikupi leo."

Kwa nini yanatofautiana? Angalieni yalikotoka. BSAC ya Uingereza ilianza 1953 kama klabu: mwanachama mkongwe anamfundisha mpya, polepole, kwa kujitolea. CMAS ilizaliwa Monaco mwaka 1959, rais wake wa kwanza akiwa Jacques-Yves Cousteau, na yenyewe ni shirikisho la vyama: chama cha nchi ndicho kinachofundisha, CMAS inaweka kipimo cha nyota. Marekani walishika njia nyingine. Kaunti ya Los Angeles ilianza kutoa vyeti katikati ya miaka ya 1950, YMCA ikafuata 1959, NAUI 1960. Kisha 1965 NAUI ikafuta kozi ya walimu iliyokuwa ifanyike Chicago, watu wa huko wakanuna, na 1966 John Cronin na Ralph Erickson wakaanzisha PADI. Cronin alikuwa muuza vifaa vya mbizi. Erickson alikuwa mwalimu wa kuogelea. Ukimkalisha muuzaji na mwalimu meza moja unapata PADI yenyewe: somo likatwe vipande, kila kipande kiwe na mwisho, kila mwisho uwe na kadi. Sisemi kwa kejeli. Ndiyo njia iliyowaingiza majini watu wengi kuliko nyingine yoyote. SSI ilikuja 1970, nayo ikajengwa juu ya duka na kituo. Hadi leo mwalimu wa SSI lazima awe chini ya kituo, wakati wa PADI anaweza kujitegemea.

Sasa turudi kwenye kamba. Viwango vya NAUI vinamruhusu mwalimu kuongeza masharti juu ya yale ya msingi. Maji ya kwao yakiwa ya baridi na giza, anaweza kusema hupati kadi mpaka ufanye hili na lile. Na kipimo chao cha mwisho ni swali: ningekubali mtu ninayempenda azame na huyu? Kama moyo unasita, hupati.

PADI sivyo. Masharti ni yaleyale dunia nzima: ogelea mita 200 (au 300 ukiwa na miwani, mapezi na snokeli, ule mrija wa kupumulia), elea dakika 10, vipindi vitano vya bwawani au mahali palipotulia kama bwawa, mbizi nne za maji ya wazi, na orodha ya mazoezi. Mwalimu anaweza kukufundisha ya ziada akipenda, lakini ukishatimiza yaliyoandikwa hawezi kukuzuilia kadi kwa jambo alilolibuni mwenyewe.

Mwalimu yuleyule, mpe kamba hizi mbili, utaona anafundisha tofauti. Mimi nilifundisha tofauti. Karibuni mnipige mawe.

---

Bata Maji · #2

Natandika mkeka hapa. Kwanza niulize, mbona mnaandika "mpiga mbizi" na siyo "mzamiaji"?

---

Fundi Mitungi · #3

@Bata Maji ukijiita mzamiaji watu wanadhani umekwenda ng'ambo ndani ya kontena. Endelea kukaa kwenye mkeka.

---

Tasi · #4

Shikamoo mzee Nyangumi. Leo nakupinga, kwa adabu zote.

Mimi ni mwalimu wa PADI. Hiyo orodha umeisoma vizuri ila umeruka neno moja, nalo ndilo linalobeba orodha nzima: umahiri. Viwango havisemi mwanafunzi afanye zoezi. Vinasema alifanye kwa utulivu, bila kukwamakwama, na aweze kulirudia, kama inavyotarajiwa kwa mpiga mbizi wa ngazi hiyo. Mtu aliyetoa maji kwenye miwani mara moja huku macho yamemtoka hajatimiza. Sihitaji kubuni sharti jipya ili nimwambie bado. Sharti lipo.

Kwa hiyo ukiona mwalimu amemkabidhi kadi mtu anayetetemeka, usiseme kamba ilikuwa fupi. Kamba ilikuwepo, hakuitumia. Labda kesho yake kuna kundi jingine linasubiri. Labda mwenye kituo amesimama mlangoni.

Halafu tuzungumze upande wa pili wa uhuru huo unaousifia. Mimi nilianza kwenye klabu, sitaitaja. Mwalimu wetu alikuwa na uhuru wote duniani. Aliutumia kutufungia valvu ya mtungi kutokea nyuma bila kutuambia, kutuvua miwani ghafla, na kutupigisha pushapu tukiwa na mitungi mgongoni. Alisema anatukomaza. Wenzangu watatu waliacha mbizi kabisa, na mmoja wao alikuwa anaogelea kuliko sisi sote. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni lazima tufanyiwe vile, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba ni marufuku. Nilipokutana na orodha inayosema "haya, na si zaidi ya haya", nilishusha pumzi.

Masharti yasiyoongezwa yanamlinda mwanafunzi dhidi ya mwalimu. Hilo hukulisema.

---

Nyangumi Mzee · #5

Marahaba binti yangu. Umenishika pabaya, na la valvu nakubali bila ubishi. Huyo hakuwa mwalimu, alikuwa na yake moyoni.

Kuhusu umahiri pia uko sahihi kwenye karatasi. Nibakize moja tu. "Kwa utulivu" ni neno ambalo mwanafunzi na mwenye kituo wanaweza kubishana nalo. "Hupati mpaka uzame mara sita" halina mjadala. Nilipokuwa na sharti la pili mkononi, sikuwa na haja ya kugombana na mtu jioni ya siku ya mwisho, begi lake likiwa limeshafungwa. Ile jioni ya begi ndiyo iliyoharibu walimu wengi wazuri.

---

Mgeni wa Kina · #6

Jamani, mimi ndiye yule mgeni wa kila baada ya siku chache.

Nimesoma yote mara mbili. Swali langu ni dogo: nikichukua kadi ya shirika moja, nikaenda kuzama mahali pengine ambako wana bango la shirika jingine, watanikubali? Na ile kozi ya siku tatu au nne na ile ya klabu ya miezi mizima, mwishoni mtu anatoka na kitu kilekile?

---

Fundi Mitungi · #7

Mgeni, la kwanza jibu ni ndiyo. Mimi najaza mitungi na kukagua kadi, bango la mlangoni halinihusu. Ukinionyesha kadi ya ngazi ya kwanza, Open Water ya PADI, ya SSI au ya NAUI, au Ocean Diver ya BSAC, najua umesoma nini. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 24801, ambacho sehemu yake ya 2 inamweleza mpiga mbizi anayejitegemea: anazama na mwenzi wa ngazi yake, hadi mita 20. Mashirika makubwa yanajipima na hicho. PADI wanaandika mita 18, BSAC mita 20. Samaki hawajui tofauti.

Ila kuwa macho na jambo moja. Zipo kadi zinazoitwa Scuba Diver, bila neno la Open Water. Hiyo ni nusu ya kozi: mwisho mita 12, na lazima uwe na kiongozi wa kitaalamu. Nimeshaona watu wanaichukua kwa sababu muda ulikuwa mdogo, halafu wanashangaa kwa nini hawaruhusiwi kwenda wawili wawili. Uliza jina kamili la kadi kabla hujalipa.

Na ile fomu ya afya jibu kwa ukweli. Watu wanaandika "hapana" kila mstari kama wanajaza fomu ya uwanja wa ndege. Pumu, moyo, kifafa, mapafu yaliyowahi kutoboka: hapo anatakiwa daktari asaini, si wewe.

La pili, la siku tatu na miezi, nawaachia wenye klabu.

---

Nyota Mbili · #8

Wenye klabu tumefika. Jina langu linajieleza, ni mtu wa CMAS.

Mgeni, kadi ni sawa lakini kinachotarajiwa kwako si kilekile. Kwetu nyota moja ni mtoto anayetambaa. Kwenye mfumo wa Ufaransa, ule wa chama chao cha mbizi, FFESSM, ngazi ya kwanza unazama hadi mita 20 ukiwa na kiongozi pembeni. Kujitegemea kunaanza ngazi ya pili. Ngazi ya tatu unaruhusiwa hadi mita 60 kwa hewa ya kawaida. Wenzetu wa Marekani wakisikia mita 60 wanashika vichwa, maana kwao mbizi za kujiburudisha zinaishia 40.

Ukiangalia vizuri ni falsafa mbili. Mmarekani anakwambia: nakupa uhuru mapema, lakini ndani ya ua mdogo. Usivuke mita 18, usikae chini mpaka ulazimike kusimama njiani ukipanda, basi, nenda na mwenzako. Mfaransa anakwambia: ua ni mkubwa, lakini nitakushika mkono muda mrefu. Hata kusimama njiani ili naitrojeni itoke mwilini unafundishwa mapema kama sehemu ya kawaida ya mbizi. BSAC nao wako karibu na hapo: Sports Diver wao, ngazi ya pili tu, anafika mita 35 na anafundishwa kupanga vituo vya dekompresheni (huko kusimama njiani) na kumwokoa mwenzake. Kwa PADI uokoaji una kozi yake na kadi yake, Rescue Diver, na unaweza kuzama miaka kumi usiiguse.

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Kumvuta mwenzako juu si kozi ya ziada.

---

Tasi · #9

@Nyota Mbili hilo la uokoaji nakuunga mkono mikono miwili. Wanafunzi wangu wote nawaambia Rescue ndiyo kozi ya kufuata, siyo kozi ya "siku moja nitafanya".

---

Pweza Kimya · #10

Mnajadili kadi na falsafa, hakuna aliyegusa magoti. Na simaanishi magoti ya mzee Nyangumi.

Mgeni, siku utakayokwenda kuangalia kozi bwawani, tazama kitu kimoja: wanafunzi wanafanya mazoezi wakiwa wamepiga magoti kwenye sakafu, au wanaelea? Hapo utajua mengi kuliko bango.

Njia ya zamani ni hii. Watu sita wamepiga magoti mstari mmoja kama wako ibadani, mwalimu mbele, kila mtu anasubiri zamu ya kutoa maji kwenye miwani. Kwa mwalimu ni rahisi, hakuna anayepeperuka. Lakini ili mtu apige magoti bila kuyumba anafungwa risasi (vipande vya uzito) za ziada kiunoni. Na risasi zilezile anakwenda nazo maji ya wazi, maana ndizo alizozoea.

Fanya hesabu. Kilo 2 za ziada zinadai lita 2 za hewa za ziada kwenye jaketi lako la kujazwa hewa ili usizame. Uko mita 10, shinikizo ni bar 2. Ukipanda kidogo tu hadi mita 5, shinikizo ni bar 1.5, na zile lita 2 zimetanuka kuwa karibu 2.7. Hujagusa kitufe, lakini jaketi limeanza kukuvuta juu. Unashtuka, unatoa hewa nyingi. Unazama. Unajaza tena. Kila ukijaza na kutoa unamaliza mtungi. Na kwa kuwa hewa iko kifuani na risasi ziko kiunoni, mwili unasimama wima kama farasi wa baharini, mapezi yanapiga chini yanatimua vumbi, na aliye nyuma yako haoni kitu.

Mwalimu atasema mwanafunzi huyu hajui kuelea. Si kweli. Amefundishwa kutoelea, vizuri sana, kwa siku tatu.

Halafu kuna hili: miwani ikijaa maji uko mita 15 na sakafu iko mita 40, utapiga magoti wapi?

Mimi nilizama zaidi ya mara mia nikiwa yule farasi. Sikujua mpaka nilipochukua kozi ya Fundamentals ya shirika la GUE, nikaonyeshwa video yangu mwenyewe. Nilitamani ardhi ipasuke, ila hata ardhi ilikuwa mbali. GUE ilianzishwa 1998 na Jarrod Jablonski na wenzake waliotoka kwenye mbizi za mapangoni Florida. Pangoni ukitimua vumbi hupati njia ya kutokea, kwa hiyo kwao kulala sawa majini si urembo. Hawapigi magoti hata siku moja. Kila kitu kinafanyika ukiwa umelala mlalo, umetulia, mnaangaliana. Shirika la RAID nalo linasisitiza kuelea tangu mwanzo. Na haki isemwe, PADI walipoifanyia kozi yao ya msingi marekebisho mwaka 2014 waliongeza uzito wa kuelea, na kuna walimu wao wengi sasa wasiopigisha magoti kabisa. Lakini magoti hayajakatazwa. Na kisichokatazwa, chenye urahisi, kitaendelea.

---

Bata Maji · #11

Nilijua tu watu wa bomba refu watafika. Hawa jamaa ukiwaambia habari za asubuhi wanakujibu kwa kukuuliza jaketi lako ni la aina gani 😂

Si ndio hao wanaokataza hata sigara?

---

Pweza Kimya · #12

Ndio sisi. Sigara hairuhusiwi, na kadi ina muda: ukikaa miaka mitatu bila kutimiza mbizi zinazotakiwa inakwisha nguvu. Na bomba la mita 2.1, lile la kutoka mtungini hadi kwenye regulata (kifaa cha mdomoni cha kupumulia), lina sababu. Mwenzako akiishiwa hewa unampa regulata iliyo mdomoni mwako, maana hiyo ndiyo unayojua inafanya kazi, halafu mna nafasi ya kuogelea bila kukumbatiana.

Lakini sikumwambia Mgeni aanze kwetu. Ni ghali kwa muda, walimu ni wachache, na mtu anaweza kufeli. Watu wengi wanafeli mara ya kwanza. Nilimwambia atazame magoti tu.

---

Nyangumi Mzee · #13

Pweza amenikumbusha dhambi zangu. Nilipigisha watu magoti miaka mingi. Siku nilipoacha niligundua kozi haikuwa ndefu zaidi kama nilivyoogopa. Siku ya kwanza ilikuwa fujo, watu wanapanda na kushuka kama maputo. Siku ya pili walikuwa mbele ya wale wa zamani, kwa sababu kila zoezi lilikuwa pia zoezi la kuelea.

Kipimo cha risasi, kwa asiyejua: mwisho wa mbizi, mtungi umebaki bar 50, jaketi tupu, uko mita 5. Ukiweza kukaa hapo kwa pumzi tu, risasi zinatosha. Ukipima mwanzoni ukiwa na mtungi uliojaa, kumbuka hewa ina uzito. Mtungi wa lita 12 wenye bar 200 una hewa ya karibu kilo 3, na nyingi utaivuta.

---

Fundi Mitungi · #14

Kwa kuwa tumeingia kwenye hesabu, acheni niseme langu kuhusu Advanced, kozi inayofuata Open Water, maana ndiko ninakoona mashirika yanatofautiana kwa namna ambayo inaweza kumuua mtu.

Advanced ya PADI ni mbizi tano. Moja ya kina, moja ya dira, tatu unachagua. Mtu anaweza kumaliza Open Water leo na kuianza kesho, akatoka na ruhusa ya mita 30 akiwa na mbizi tisa maishani. SSI wana kitu kama hicho, wanakiita Advanced Adventurer, lakini jina la Advanced Open Water Diver wao hawalitoi mpaka uwe na kozi nne maalumu na mbizi 24 kwenye daftari. Jina karibu moja, watu wawili tofauti kabisa.

Sasa mita 30 ni nini? Chukua mtungi wa lita 12 wenye bar 200. Una lita 2,400. Ukibakiza bar 50 unazo lita 1,800 za kutumia. Sema unavuta lita 20 kwa dakika ukiwa juu. Mita 18 shinikizo ni bar 2.8, unavuta 56 kwa dakika, hewa inakutosha dakika 32. Jedwali la PADI la muda wa kukaa chini linakuruhusu dakika 56 kwenye kina hicho. Maana yake hewa itakurudisha juu kabla naitrojeni haijawa tatizo. Ndiyo sababu mita 18 ni ua mzuri kwa mgeni: makosa yake yanakatizwa na geji ya hewa.

Mita 30 shinikizo ni bar 4. Unavuta 80 kwa dakika, hewa dakika 22. Jedwali: dakika 20. Hewa na naitrojeni vinafika mlangoni pamoja. Hakuna tena kinachokukatiza.

Na ile "bakiza bar 50" mliyofundishwa? Ni lita 600. Mwenzako ameishiwa hewa mita 30, mmeshikana, mnapumua kwa hofu, lita 40 kila mmoja kwa dakika ukipima juu. Kupanda mita 30 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika ni zaidi ya dakika tatu, na wastani wa shinikizo njiani ni bar 2.5. Zidisha. Inavuka lita 650, na hapo hamjasimama mita 5, wala hamjapoteza hata nusu dakika kutafutana. Bar 50 haiwatoshi wawili. Kwa mita 10 inatosha na chenji inabaki.

GUE wanafundisha hesabu hii kwenye Fundamentals. Kwingine utaikuta kozi ya kina, au ukifika shirika la TDI kwenye mbizi za kiufundi, au mwalimu akipenda. Kwa nini iwe "akipenda" kwa mtu mwenye kadi ya mita 30, sijawahi kuelewa.

---

Nyota Mbili · #15

Fundi weka hiyo mlangoni kwenu, karibu na kompresa.

---

Tasi · #16

Hapa sina utetezi. Kozi ya Advanced jina ni kubwa kuliko yaliyomo. Ukiichukulia kama mbizi tano za kujifunza ukiwa na mwalimu pembeni ni kozi nzuri sana. Ukiichukulia kama cheo, ndipo hesabu ya Fundi inapokusubiri. Mimi siwakatazi wanafunzi kuichukua mapema, nawakataza kwenda mita 30 peke yao mwezi huohuo. Na hapo, mzee Nyangumi, nakiri kamba ninayo ya maneno tu.

---

Bata Maji · #17

Na mimi nina Advanced. Mbizi 14. Nimekaa kimya ghafla.

---

Kompyuta Mkononi · #18

Nimechelewa. Mmesahau shirika la SDI. Wao tangu walipoanza walisema mwanafunzi ajifunze na kompyuta ya mbizi (inayokuhesabia muda wa kukaa chini) siku ya kwanza, wakati wengine bado wanachora mistari kwenye majedwali. Walitukanwa sana. Leo karibu wote wamehamia huko. Majedwali mazuri kuyajua, lakini sijamwona mtu mwenye jedwali mfukoni miaka mingi.

---

Nyangumi Mzee · #19

Mimi ninalo. Limeshikana, halifunguki.

---

Mgeni wa Kina · #20

Wakuu, nimerudi na ripoti.

Nilikwenda sehemu mbili. Ya kwanza bango la shirika ambalo mmelisifia humu kwa uhuru wa mwalimu. Niliomba kuangalia bwawani. Watu wanane, wote magotini, mwalimu anaangalia saa. Nilipouliza ikitokea mtu hajaiva mwisho wa kozi inakuwaje, aliniambia "huwa haitokei."

Ya pili ni PADI, mwalimu ni mama mmoja mtulivu. Wanafunzi wanne, walikuwa wanaelea, mmoja alikuwa kichwa chini miguu juu lakini alikuwa anaelea. Nikamuuliza swali lilelile. Akasema wiki iliyopita watu wawili walirudi nyumbani na fomu ya rufaa: darasa na bwawa wamemaliza, mbizi za maji ya wazi watamalizia popote wakishakuwa tayari, hata kwa mwalimu mwingine. Sikujua kama hilo linawezekana.

Nimejiandikisha kwake. Mzee Nyangumi samahani, najua imekuwa kinyume na uzi wako.

---

Nyangumi Mzee · #21

Samahani ya nini? Umeuliza swali la kamba, na umepata majibu mawili. Mimi nilikuwa nataka uulize tu. Tasi, acha kucheka huko.

---

Tasi · #22

Sijasema kitu 😊

---

Mgeni wa Kina · #23

Jana ilikuwa bwawa la kwanza. Kuelea naendelea vizuri, risasi nimepunguziwa kilo moja. Tatizo miwani inaingiza maji kidogokidogo upande wa juu ya mdomo, kila dakika mbili naitoa. Nimekaza mkanda mpaka nina alama usoni. Nibadilishe miwani?

---

Fundi Mitungi · #24

Una masharubu?

---

Mgeni wa Kina · #25

Ninayo.

---

Fundi Mitungi · #26

Nyoa mstari mwembamba chini ya pua tu, pale ukingo wa silikoni unapokaa. Mengine yaache. Na mkanda ulegeze, ukikaza sana ukingo unajikunja na maji yanapita palepale.